Buku Iliyobaki Mezani: Tumwachie Mhudumu Kiasi Gani?

Mwaka jana tulipokuwa fildi, chakula cha mchana tulikuwa tunakula Kikatiti. Kwa asiyepajua, ukitoka Arusha kwenda Moshi unapita Tengeru, Usa River na Maji ya Chai, ndipo unafika, kabla ya njia panda ya KIA. Ni senta ya barabarani: bucha, majiko ya nyama choma, bodaboda, akina mama wenye mikungu ya ndizi, na migahawa kadhaa ambayo kwetu sisi wa fildi ilikuwa kama kantini. Siku moja tulikaa wanne. Ndizi nyama sahani mbili, wali maharage sahani mbili, soda mbili tukagawana. Bili 14,000. Tukachanga 15,000, dada akaenda kaunta, akarudi na noti ya buku moja, akaiweka mezani, akaenda zake kufuta meza nyingine.

Ile noti ikakaa pale kama mgeni asiyejulikana kaja na nani. Mmoja akasema tumwachie dada wa watu. Wa pili akasema buku nzima kwa kazi ipi, kazi si analipwa? Wa tatu, ambaye mjomba wake ni dereva wa watalii, akatuambia kwamba kitaalamu ni asilimia kumi, kwa hiyo buku haitoshi, inatakiwa 1,400. Hapo ndipo tulipocheka wote, na kicheko kikamaliza mjadala. Noti ikaenda kwenye nauli ya bodaboda.

Aliyeinyanyua mezani ni mimi. Na mimi ndiye pekee kati yetu niliyekuwa nimewahi kusimama upande wa pili wa meza, maana likizo ya mwaka wa kwanza nilifanya kazi ya uhudumu kwenye mgahawa mmoja wa barabara hiyohiyo. Sikusema neno. Makala haya ni yale niliyopaswa kuyasema siku ile, pamoja na hesabu ambazo nilikuja kuzifanya baadaye.

Tuanze na swali la yule wa pili, kwa sababu ndilo zito: kazi si analipwa? Ndiyo, analipwa, na sheria inasema kiasi cha chini. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyotoka kwa Tangazo la Serikali Na. 196 la mwaka 2013 iliwagawa wafanyakazi wa hoteli katika madaraja. Hoteli za kitalii 250,000 kwa mwezi, hoteli za kati 150,000, na migahawa, nyumba za kulala wageni na baa 130,000. Gawanya hiyo ya mwisho kwa siku 26 za kazi, unapata 5,000 kwa siku. Gawanya kwa saa, ukichukua saa 45 za wiki zinazotajwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, unapata kama 667. Amri za baadaye zimepandisha viwango hivyo, lakini mgahawa umebaki chini kabisa katika kundi lake.

Sasa linganisha na sisi. Mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi, boom lake la chakula na malazi ni 10,000 kwa siku tangu lilipopandishwa kutoka 8,500 mwaka 2022. Sisemi boom linatosha, wote tunajua wiki ya sita ya muhula inavyokuwa. Lakini tunapojiita maskini mbele ya yule dada, tukumbuke kwamba kwa hesabu ya makaratasi tulikuwa tumemzidi, na sisi tulikuwa tumekaa.

Na hayo ni makaratasi. Mimi nililipwa 4,000 kwa siku pamoja na chakula, taslimu jioni, bila mkataba. Kuna siku meza ya watu watatu walikula nyama, mmoja akaenda kujisaidia, wa pili akaenda kupokea simu, wa tatu sijui alipitia wapi. Bili ilikuwa 21,000. Bosi alinikata siku tano mfululizo, na siku ya sita akachukua buku iliyobaki. Nilidhani ndiyo kawaida, kwa sababu kila mtu pale alishakatwa: glasi ikivunjika unakatwa, mteja akikimbia unakatwa. Nilipofika mwaka wa pili ndipo nilisoma kifungu cha 28 cha ile Sheria ya Ajira. Mwajiri anaweza kukata kwa ajili ya hasara, lakini hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Robo. Mimi nilikatwa nne kwa nne. Natamani kifungu hiki kingebandikwa ukutani kwenye kila jiko la nchi hii, karibu na ile karatasi ya bei.

Kwa hiyo mtu akisema "analipwa", mwambie ni kweli, halafu mwulize anajua ni shilingi ngapi.

Twende kwenye asilimia kumi ya mjomba. Hiyo haikuzaliwa Kikatiti. Imeshuka uwanja wa ndege wa KIA, ikapanda gari la watalii, ikapita hapo senta bila kusimama ikielekea Arusha mjini na mbugani. Wageni wengi wa kwetu wanatoka Marekani, na kule bakshishi ni sehemu ya mshahara kisheria. Serikali kuu ya kule inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, kwa matarajio kwamba bakshishi zitajaza mpaka kima cha chini cha kawaida, dola 7.25. Zisipojaza, mwajiri ndiye anatakiwa kuongeza. Yapo majimbo yanayolipa zaidi, ila huo ndio msingi, na ndiyo maana Mmarekani anayeondoka bila kuacha kitu anaonekana kama amekula bure.

Mfumo huo una historia isiyopendeza. Baada ya utumwa kukomeshwa kule, Weusi wengi walioachwa huru waliajiriwa kwenye kazi za kuhudumia wasafiri na walaji kwa ujira mdogo sana, wakiambiwa wajazie kwa wateja. Kampuni ya mabehewa ya kulala ya Pullman ndiyo mfano maarufu. Wahudumu wake Weusi waliunda chama chao mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, na mkataba wa kwanza na kampuni walikuja kuupata mwaka 1937, miaka kumi na miwili ya kubanana. Wamarekani wenyewe wengi hawakuipenda bakshishi wakati ule. Jimbo la Washington liliipiga marufuku mwaka 1909, na majimbo mengine yakafuata kabla sheria hizo zote hazijafutwa. Waliiona kama tabia ya mabwana na watwana isiyofaa nchi ya watu sawa.

Wanaoitetea asilimia husema inampima mhudumu: akihudumia vizuri anapata zaidi. Michael Lynn, profesa wa Chuo Kikuu cha Cornell aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza bakshishi, alikuta uhusiano kati ya ubora wa huduma na kiasi kinachoachwa ni mdogo sana. Watu huacha kwa mazoea, kwa aibu, kwa kutaka kuonekana. Na Rick van Baaren na wenzake huko Uholanzi walionyesha mwaka 2003 kwamba mhudumu anayerudia maneno ya mteja neno kwa neno anapoagiza hupata bakshishi zaidi kuliko asiyerudia. Hilo hata mimi nililigundua bila utafiti. Mteja akisema "supu, isiwe na mafuta mengi, na chapati mbili laini", ukarudia yote hadi hilo la laini, anatulia kama mtoto aliyefunikwa shuka.

Lakini sababu yangu ya kuikataa asilimia hapa kwetu ni rahisi zaidi: inahesabu bei ya chakula, haihesabu miguu. Meza ya wazee wawili wanakunywa bia, bili 40,000, mhudumu kaenda mara nne. Meza ya wanafunzi sita, kila mmoja sahani ya 2,000, mmoja anataka pilipili, mwingine maji ya kunawa, wa tatu kaongeza maharage, wa nne hataki tena wali anataka ugali: bili 12,000, mhudumu kaenda mara kumi na tano. Kwa asilimia kumi wazee wanaacha 4,000 na wanafunzi 1,200. Asilimia inamtuza aliyepangiwa meza za bia na kumwadhibu aliyepangiwa meza zetu. Na pale nilipofanya kazi, kupangiwa meza za bia kulikuwa na siasa zake ambazo siziingii.

Kuna jambo moja jipya ambalo mjomba wa mshkaji wangu hakulitaja, na ndilo lililobadilisha bakshishi za watu wa kawaida kuliko nadharia zote: Lipa Namba. Bakshishi ya Kitanzania tangu zamani imeishi kwenye chenji. Hatuandiki kiasi kwenye risiti kama Wazungu. Tunasema "chenji baki nayo", au "ya soda hiyo", na mambo yamekwisha. Mteja anapolipa kwa simu analipa 3,500 kamili, hakuna chenji, na hakuna ule muda mfupi wa kuamua. Mkarimu akiongeza mia tano juu, pesa inaingia kwenye namba ya mwenye mgahawa. Mimi niliwahi kuambiwa na mteja, "Nimekuwekea na yako humohumo." Nikashukuru. Kaunta nikaambiwa yaliyomo humo ni ya duka. Kwa hiyo somo la kwanza la vitendo: kama unataka kumpa mhudumu, lipa bili kwa simu ukitaka, lakini yake mpe mkononi kwa noti au sarafu, au umwombe namba yake ya simu umtumie.

Hilo la namba ya simu nalo lina mtego, na hapa nawaomba wanaume wenzangu mnisikilize kidogo. Wengi wanaotuhudumia ni wasichana wa umri wetu. Nilikuwa na mwenzangu pale kazini, msichana mchapakazi kuliko sisi wote, ambaye noti ya 10,000 ilikuwa inamtia hofu kuliko furaha. Aliniambia elfu kumi ikija mchana mbele za watu, ni shukrani. Ikija saa nne usiku, imekunjwa, ikifuatana na "nipe namba yako mrembo", hiyo ni malipo ya awali ya kitu ambacho hakikuagizwa kwenye menyu. Akikataa, mteja analalamika kwa bosi kuwa dada ana nyodo. Akipokea, kesho anadaiwa tabasamu. Yeye alikuwa amejiwekea kanuni yake: noti kubwa ya mtu mmoja aliyelewa anaipeleka kaunta, anaomba chenji kwa sauti, na kumrudishia mwenyewe sehemu kubwa mbele ya wenzake. Alipoteza pesa nyingi kwa kanuni hiyo. Nikiulizwa bakshishi ya juu kabisa iwe kiasi gani, nasema iwe ile ambayo mpokeaji anaweza kuitaja kwa sauti bila mtu kugeuka.

Lugha yetu inalijua jambo hili. Hongo zamani ilikuwa ushuru ambao misafara ya biashara ililipa kwa watawala wa bara ili ipite salama, leo ni rushwa. Takrima ni ukarimu, lakini sheria ya uchaguzi ilipoiruhusu kwa wagombea mwaka 2000, ilichukua hadi 2006 Mahakama Kuu kusema vifungu vile vinakwenda kinyume na Katiba. "Ya chai" inaweza kuwa ya chai kweli, na inaweza kuwa ya kupata fomu iliyofichwa kwenye droo. Bakshishi, ambayo wengine huiita bahashishi, neno lililotufikia kutoka Kiajemi lenye maana ya kutoa tu, ina bahati ya kubaki safi mpaka sasa, na nadhani sababu ni wakati wake. Inatolewa baada ya kula, kwa mtu ambaye tayari amekupa ulichostahili. Ukimpa mhudumu buku kabla ya kula ili akupakulie mapaja na kumwachia mwenzako shingo, hapo umeshahama.

Kuna swali ambalo rafiki yangu wa sheria alinibana nalo nilipomsomea rasimu ya makala haya. Alisema: mkiacha bakshishi kila siku, mwenye mgahawa atasema mhudumu ana "za kwake" na hatapandisha mshahara. Mnamsaidia bosi. Nimelifikiria sana na nakiri ana hoja, maana ndivyo nilivyoambiwa mimi siku niliyoomba nyongeza: "Si wateja wanakupa?" Siku hiyo nilikuwa nimepata 700.

Mahali pengine wamejaribu kulifunga kwa sheria. Uingereza wana sheria ya mgawanyo wa bakshishi ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Oktoba 2024, inayomkataza mwajiri kushika bakshishi za wafanyakazi na kumtaka azigawe kwa haki. Ufaransa gharama ya huduma imo ndani ya bei, unachoacha ni sarafu za hiari. Huku kwetu mfano mzuri zaidi nauona mlimani. Wapagazi wa Kilimanjaro walikuwa wanalalamika kwamba bakshishi inaishia kwa kiongozi wa msafara. Mradi wa Kilimanjaro Porters Assistance Project, ulioanza Moshi mwaka 2003, umekuwa ukisisitiza mshahara wa haki kwanza, kisha bakshishi itangazwe mbele ya kikosi kizima ili kila mmoja ajue fungu lake. Mambo mawili kwa pamoja: mshahara haupunguzwi kwa sababu ya bakshishi, na bakshishi haifichwi. Mgahawa wa Kikatiti hauna shirika wala kikosi, lakini una meza ya kaunta ambapo bakuli la wazi linaweza kuwekwa, jioni likagawanywa na mpishi na mwosha vyombo wakiwemo. Yule mama wa jikoni anayelia moshi toka alfajiri, ndizi nyama tunayoisifia ni yake, na sijawahi kumwona mtu akimpelekea mia mbili.

Jibu langu kwa rafiki yangu basi ni kwamba kuacha kutoa hakumwongezei mhudumu mshahara. Bosi hataona bakuli tupu akashtuka. Kinachomwongezea ni mkataba, ni afisa kazi, ni wahudumu kujua kifungu cha 28. Sisi wanafunzi wa sheria na maendeleo ya jamii tunaokwenda fildi Meru tungeweza kulifanyia kazi hilo mchana huohuo tunapokula. Buku ni ya leo jioni, haina uwezo zaidi ya hapo.

Sasa viwango, maana najua ndivyo vilivyokufanya usome mpaka hapa. Nilipokuwa kazini nilihudumia watu kama arobaini kwa siku ya kawaida. Robo yao wangeniachia jero kila mmoja, yaani watu kumi, ningeondoka na 5,000 juu ya 4,000 zangu. Sihitaji kila mteja. Nahitaji mmoja kati ya wanne, na asiwe tajiri. Ndiyo hesabu ninayoitumia sasa: nikikaa, nikaletewa, jero. Tukiwa meza ya watatu au wanne, buku, na tukiisumbua meza kwa pilipili na maji ya kunawa, buku mbili. Mwanafunzi anayekula hapo kila siku hana haja ya kuacha kila siku. Buku ya Ijumaa inatosha na dada ataikumbuka. Wiki ambayo boom halijaingia, huna, na kutokuwa nacho si dhambi. Kusanya sahani zenu pamoja, mifupa kwenye sahani moja, sema asante huku unamwangalia usoni. Niamini, mifupa iliyokusanywa ina thamani.

Kwa mama ntilie ambaye ndiye mpishi, ndiye mhudumu na ndiye bosi, bakshishi siyo desturi na wala haitarajii. Kwake bakshishi ni kulipa deni. Najua mnaelewa namzungumzia nani pale nyuma ya hosteli.

Tukienda kundi, iwe mahafali au kumuaga mtu, watu kumi na tano na meza zimeunganishwa, fedha ya wahudumu iingizwe kwenye michango tangu mwanzo, 10,000 au 15,000, kama tunavyoweka ya keki na ya spika. Mkisubiri mwisho, mhazini atakuwa anahesabu upungufu na hakuna atakayekumbuka. Na mkiwa hoteli za mjini, someni bili kwanza. Asilimia 18 ya VAT ni ya serikali, si ya mhudumu, wapo wanaodhani wameshamlipa kwa hiyo. Mkiona gharama ya huduma imeandikwa peke yake, hamlazimiki kuongeza, ila mwulizeni mhudumu kwa upole kama inamfikia. Atakavyojibu, au atakavyoangalia kaunta kabla ya kujibu, mtajua.

Mwezi uliopita nilipita Kikatiti nikienda Moshi, nikashuka makusudi. Yule dada bado yupo. Nilikula wali maharage, 2,000, nikampa noti ya 5,000, akaleta buku tatu. Moja nikairudisha mkononi mwake, nikamwambia hii ni ya mwaka jana. Akaniangalia, ni wazi hanikumbuki kabisa, akacheka, akaiweka kwenye mfuko wa aproni. Halafu akauliza kama nilikuwa namdai au yeye ndiye ananidai, maana alitaka kuiandika kwenye daftari.